Mstari wa Tano

Jumatatu, 3 Machi

Plasta imetolewa leo. Wiki sita nimeibeba kifuani kama mtoto wa kuazima, na chini yake nimekuta mkono wa mtu mwingine: mwembamba, umepauka, una harufu ya nguo iliyosahauliwa majini. Nikauambia kunja ngumi. Vidole vilikuja nusu njia vikagoma.

Daftari hili nimepewa na binti wa mazoezi ya viungo pale hospitali. Mfupi, mpole wa sura, lakini neno lake ni moja tu: "Tena." Ukimaliza, "Tena." Ukitoa machozi, "Tena, mama." Basi kwangu mimi jina lake ni Tena. Kasema kila siku niandike nimefanya nini, na niandike kwa mkono huuhuu mbovu, maana kuandika nako ni zoezi. Niandike mazoezi tu. Haya, tutaona.

Kipimo chake ni hiki. Unachovya taulo dogo kwenye maji, unalikunja mara nne, unalibana mara moja tu kwa nguvu zako zote juu ya bakuli, kisha yale maji unayamimina kwenye gilasi. Gilasi tumeichora mistari kumi kwa wino. Mkono wa kushoto ulifika mstari wa tisa. Wa kulia, huu uliokata sare za shule kwa miaka ishirini na miwili, ulifika wa pili.

"Ukifika wa nane, rudi kwenye mkasi wako," kasema Tena. "Kabla ya hapo usiuguse. Na siku moja fanya, siku moja pumzika. Mkono unajengeka ukipumzika."

Kaki ya shule inaanza kukatwa tarehe tano Mei. Nina miezi miwili. Apumzike yeye.

Jumanne, 4 Machi

Mstari wa pili. Mvua.

Alhamisi, 6 Machi

Nimefanya yote. Kubana taulo mara thelathini. Kuvalisha vidole mpira wa kufungia karatasi na kuvifungua, maana Tena anasema kila mtu anajua kufumba, kazi ni kufumbua. Kubana vibanio vya nguo kwa kidole gumba na kila kidole, kimoja kimoja. Kuchimba mchanga mkavu kwenye ndoo kwa vidole kama kuku. Chupa ya maji, kuinua kifundo cha mkono juu, kushusha. Halafu ule mpini wa ufagio uliofungwa kamba na tofali: unauzungusha mpaka tofali lipande, unauzungusha tena mpaka lishuke. Lilipanda mara moja. Liliposhuka lilishuka lenyewe, likanikosa dole la mguu kidogo tu.

Mama alichungulia mlangoni. "Unajenga nyumba?" akauliza.

Jumamosi, 8 Machi

Nilipita karakana kuwasalimia. Uongo. Nilipita kuona nani amesimama kwenye meza yangu.

Meza ya kukatia iko dirishani, na nyuma yake alikuwa mdogo wangu, chaki sikioni, anakata mashati. Mimi ndiye niliyemfundisha. Mimi ndiye niliyemwombea kazi. Na yeye ndiye aliyepiga deki kizingiti siku ile ya manyunyu bila kumwambia mtu, mimi nikaja na jora la kitambaa begani, na yaliyofuata mfupa wangu unayajua. Tunaishi nyumba moja, tunakula sahani moja, na tangu siku ile hatujalitaja hilo hata mara moja.

Mwenye karakana tunamwita Mama Sare, kwa kuwa hakuna shule hapa ambayo watoto wake hawajavaa nguo zake. Alinishika mkono, akauminya, akauachia haraka kama mtu aliyeshika samaki.

"Meza ni yako," akasema. "Lakini tarehe tano naweka kaki hapo, tabaka kumi na mbili. Atakayeikata ndiye mkataji. Na asiyeweza atakwenda kwenye vifungo. Mimi na jora la kaki hatuna undugu na mtu."

Mzee wa Pasi, ambaye kazi yake ni kunyoosha nguo na kuwanyima watu amani, alicheka kule kwenye mvuke wake. "Vifungo navyo vinataka nguvu! Waulize wenye matumbo!"

Sikucheka. Mdogo wangu naye hakucheka, akaendelea kukata huku kichwa kainamisha.

Jumatatu, 10 Machi

Mstari wa tatu.

Ijumaa, 14 Machi

Mstari wa nne! Nimefanya asubuhi, mchana na jioni. Hakuna siku niliyopumzika. Kwa Tena nimeandika kwenye karatasi nyingine kwamba nimepumzika Jumanne na Alhamisi.

Jumatatu, 17 Machi

Nimerudi karakana. Najua, mstari wa nane. Lakini Tena hajui kukaa nyumbani ukisikia mvua inapiga bati huku mwingine kashika meza yako.

Niandike hili vizuri, maana hapa ndipo palipo kazi yetu. Kila mkataji ana mkasi wake, na hakuna mwingine anayeugusa. Ukimgusia mtu mkasi ni kama umeingiza mkono kwenye sufuria yake. Wangu ni wa chuma kizito, ulilala kwenye droo umefungwa kitambaa. Na kila asubuhi, kabla ya kukata chochote, mkasi unapimwa: unaunyanyua kwa tundu moja la vidole, unaufungua wazi, unaachia ubapa wa pili uanguke wenyewe. Ukisimama katikati, skrubu iko sawa. Usiposogea, skrubu imekaza mno. Ukianguka mpaka chini, skrubu imelegea, na mkasi uliolegea ni mtamu mkononi, unateleza, lakini kwenye kitambaa kinene unakata tabaka za juu na kuzitafuna za chini.

Leo nilipounyanyua kwa tundu moja, kidole gumba kilikataa. Mkasi uligonga meza, ka! Cherehani zote zikasimama.

"Niachie nikupimie, dada," mdogo wangu akasema, polepole, karibu na sikio langu.

Nilitaka kumtukana. Nilimpa. Akaupima, ukasimama katikati, akanirudishia bila kunitazama usoni. Nilikata tabaka mbili za kitambaa cha mashati, nikatoka jasho kama niliyebeba mzigo. Mbili! Mimi niliyekuwa nakata kumi na mbili huku naongea.

Nyumbani nikaenda jikoni kuosha vyombo vilivyokwisha oshwa.

Jumatatu, 24 Machi

Mstari wa tano. Na mkasi: tabaka nne! Uliingia kwenye kitambaa kwa adabu. Nilicheka kwa sauti, Mzee wa Pasi akainua kichwa. "Huyo kafufuka," akasema. Mdogo wangu naye alitabasamu, nikajiuliza anachotabasamu ni nini.

Anaupima yeye kila asubuhi. Nimeona bora iwe hivyo. Kidole gumba nakitunza kwa kukata.

Jumatatu, 31 Machi

Mstari wa tano. Tabaka sita.

Alhamisi, 3 Aprili

Mstari wa tano. Taulo limechakaa, mvua hii hakuna kinachokauka.

Jumatatu, 7 Aprili

Taulo jipya. Mstari wa tano. Tabaka nane, tena bila kusimama.

Alhamisi, 10 Aprili

Hospitali. Tena alinibonyeza juu ya kifundo, nikaruka.

"Unapumzika?"

"Napumzika."

"Mama, hapa pamevimba. Mkono unaopumzika hauvimbi." Akachukua karatasi yangu ya uongo, akaisoma, akaiweka chini. "Gilasi imekwama wiki mbili na nusu."

Nikamwambia aachane na gilasi. Nikamweleza habari za mkasi: mbili, nne, sita, nane. Nilidhani atapiga makofi. Alinikazia macho.

"Maji hayapandi, mkasi unapanda. Mmoja kati yao anakudanganya. Na gilasi haimwonei mtu haya."

"Wewe umewahi kushika mkasi wa kukatia?" nikamuuliza.

"Hapana."

"Basi."

Niliondoka na mwavuli wa mtu mwingine kwa hasira, ikabidi nirudi.

Jumatatu, 14 Aprili

Mstari wa tano. Tabaka tisa.

Jumatano, 16 Aprili

Leo nimeona bisibisi kwenye mfuko wa aproni ya mdogo wangu. Nilipomtazama aliifunika kwa mkono. Ana cherehani gani ya kutengeneza huyu? Halafu siku hizi anawahi karakana kuliko wote, anaondoka nyumbani chai haijapoa. Anajizoesha kukata kaki kabla sijafika, mimi si mjinga. Anataka ile meza. Hajasema, lakini mtu anayetaka kitu chako ndiye anayekuwa mpole kupita kiasi.

Jumamosi, 19 Aprili

Nimesema neno leo.

Tulikuwa tunakula, sisi watatu. Mvua ilikuwa inamwagika hata kusikilizana taabu. Nilikuwa nimebana taulo kabla ya kula: mstari wa tano, kwa mara ya kumi na ngapi sijui. Mkono unauma mpaka kwenye kiwiko. Mdogo wangu akanisogezea sahani, akanikatia nyama vipande vidogo, bila kuulizwa, kama mtu anavyomkatia mtoto.

"Mimi si kilema," nikasema.

"Sijasema hivyo, dada."

"Ulipiga deki kizingiti ukijua napita pale."

Likatoka hivyohivyo. Miezi mitatu nimelimeza, likatoka kama nasema nipe chumvi. Alibaki na kisu mkononi. Kisha akainuka, akaacha sahani, akaingia chumbani, na mlango hakuubamiza. Afadhali angeubamiza.

Mama aliendelea kutafuna. Alipomaliza akasema, "Mkono umekutoka nguvu, mdomo umezidi."

Sikuomba radhi. Naandika hapa kwamba sikuomba, ili baadaye nisije nikajisingizia kuwa niliomba.

Jumatatu, 21 Aprili

Tano. Tabaka kumi. Alinipimia mkasi kama kawaida. Hatusemeshani. Macho yake mekundu.

Jumatatu, 28 Aprili

Tabaka kumi na mbili za kitambaa cha mashati! Kumi na mbili! Mama Sare alipita akasema "Hm," na kwa Mama Sare hiyo ni hotuba. Gilasi sikupima. Nimeirudisha kabatini kwenye vyombo.

Jumapili, 4 Mei

Kesho. Mdogo wangu kaulizwa na Mama atatoka saa ngapi, kasema saa kumi na mbili. Nitatoka saa kumi na moja na nusu. Mkasi wangu kesho haugusi mtu.

Jumatatu, 5 Mei

Naandika kwa kushoto kwa sababu wa kulia siutaki kuuona.

Nilifika wa kwanza. Nikauchukua mkasi kwenye droo, nikaushika mapajani mpaka watu wakaja. Mdogo wangu aliingia amelowa, akauona kwangu, akabadilika rangi. "Dada, niachie nikupimie." Nikamwambia, "Umepimwa Jumamosi. Nenda kwenye mashati yako." Akasogea. "Dada, tafadhali, dakika moja tu." Nikamwambia kwa sauti, wote wasikie, "Unataka kuufanya nini mkasi wangu?" Akarudi nyuma.

Ningeweza kuupima mwenyewe. Niliogopa kidole gumba kingekataa mbele ya watu, siku hii kuliko siku zote. Ndiyo sababu, hakuna nyingine.

Kaki ikatandazwa, tabaka kumi na mbili, chaki ikachorwa. Nikakata. Mwenyezi Mungu, ulikuwa mtamu! Ulienda kama unakata maji. Kuna sheria nyingine, niliyomfundisha mdogo wangu kwa kumpiga kofi mkononi: ukikata mkato wa kwanza, inua, tazama tabaka ya chini. Sikuinua. Mama Sare alikuwa amesimama pale amefunga mikono kifuani, na mimi nilitaka anione sisiti. Nikamaliza fungu la kwanza, la pili, la tatu. Mama Sare akasema, "Meza ni yako." Mbele ya wote. Niliisikia kwa masikio yangu.

Mchana Mzee wa Pasi alikuja na vipande viwili vya kaptura, kimoja mkono huu, kingine mkono huu. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuwa na uso wa mzaha. "Fundi," akasema, "huyu mwanafunzi mguu mmoja mfupi?"

Tukainua mafungu. Tabaka nane za juu safi. Nne za chini zimetafunwa, zimekunjamana, zimepinda vidole viwili mahali pa paja. Mafungu yote matatu.

Mama Sare hakupiga kelele. Aliuchukua mkasi wangu, akaunyanyua kwa tundu moja, akaufungua, akaachia. Ubapa ukaanguka mpaka chini. Ka! Akarudia. Ka!

Miaka ishirini na miwili. Mwanafunzi wa wiki ya kwanza hakati kwa mkasi wa namna ile.

"Nani anakupimia?" akauliza.

Nikamtazama mdogo wangu. Alikuwa analia bila sauti, na mkono umeshika mfuko wa aproni, na ndani ya mfuko niliona umbo la bisibisi. Nikaelewa yote mara moja, yaani nilidhani nimeelewa. Nilikuwa na nafasi ya kumwangamiza pale pale.

"Najipimia mwenyewe," nikasema.

Si kwa upendo, nisijipambe. Nilishindwa kukiri mbele ya watu kwamba mkasi wangu unapimwa na mtu mwingine.

Mama Sare akaita mdogo wangu mezani. Akampa kaki mpya. Alikata tabaka kumi na mbili kwa mkasi wake, machozi yanadondoka kwenye chaki, na mkato wa kwanza aliinua akatazama chini.

Jumanne, 6 Mei

Nilimkuta uani anaanua nguo zilizonyeshewa. Nikamwambia, "Sema."

"Kila Jumatatu naongeza kulegeza skrubu," akasema. "Kidogo tu, kama unywele. Asubuhi nawahi kuikaza, nakupimia mbele yako unasimama katikati, ukigeuka nailegeza tena."

"Kwa nini? Ulitaka meza?"

"Meza!" Aliitupa nguo kwenye beseni. "Dada, ulikuwa unakwenda jikoni kulia ukidhani hatusikii. Mimi ndiye niliyepiga deki. Unadhani nimesahau? Ile siku ya tabaka nne ulicheka. Tangu uanguke hukuwa umecheka. Nikasema wiki moja tu, apate moyo. Wiki ya pili nikashindwa kurudisha. Ningerudishaje? Ungerudi kwenye mbili."

"Na jana?"

"Jana nilitaka kuikaza. Ndiyo maana niliwahi. Nikakuta umeukumbatia."

"Ungeikaza ningeweza?"

Alipepesa macho, akainama kuokota kibanio. Ningeweza tabaka tano, kama gilasi ilivyosema tangu Machi.

Nilikuwa nimejiandaa kumchukia. Nilikuwa na maneno nimeyapanga tangu Aprili. Kama angenifanyia kwa ubaya, ningejua pa kuyaweka. Sasa nimebaki nayo mdomoni, na hasira yangu haina nyumba. Nilimwambia, "Ungeniacha nilie tu." Nikaingia ndani.

Jumatano, 7 Mei

Vifungo. Sikufanya zoezi.

Alhamisi, 8 Mei

Vifungo. Sikufanya. Mzee wa Pasi kaniletea chai bila kusema lolote, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Jumamosi, 10 Mei

Sikufanya. Mvua imepungua.

Jumatatu, 12 Mei

Jua. Watoto wamepita dirishani asubuhi na kaki mpya, miguu yote sawa.

Mdogo wangu aliniletea mkasi wangu hadi kwenye kiti cha vifungo, umefungwa kitambaa. "Chukua, dada. Ni wako." Ule wake umeanza kupata mapengo kwenye makali, nimeona. Nikamwomba bisibisi. Aliitoa mfukoni kwa aibu. Nikaushika mkasi kwa kushoto, nikaikaza skrubu kwa kulia, kwa kiasi cha mkono wake yeye, si wangu. Nikamrudishia.

"Pima."

Akaunyanyua, akaachia. Ukasimama katikati.

"Tena," nikasema.

Ukasimama katikati.

"Basi. Na usimpe mtu mwingine akupimie. Hata mimi."

Alitaka kunikumbatia. Nikamwambia kuna watu wanasubiri mashati. Siku ile ya deki bado sijamwambia nimesamehe, kwa sababu bado sijui.

Jumatano, 14 Mei

Hospitali. Tena kanibonyeza juu ya kifundo, sikuruka. Uvimbe umekwisha. Akaleta taulo na gilasi, nikamwambia sina haja, akasema, "Mara moja tu, mama." Nikabana bila moyo.

Tulitazama gilasi sote wawili.

"Umefanya mazoezi gani?" akauliza.

"Sijafanya kitu. Tangu tarehe tano sijagusa hata kibanio."

"Ndicho nilichokuwa nakuomba tangu Machi," akasema. Akaichukua kalamu, akanipa niandike mwenyewe.

Mstari wa saba. Kifungo hakihitaji hata wa tatu.